Benchi Ulilokalia Bila Kuumwa

Papa,

Jana nilikalia lile benchi lako la hospitalini. Usicheke. Ama cheka tu, nijue umenisikia.

Ni kwa ajili ya Mama. Kadi yenu ya mutuelle, ule mfuko wa afya wa wastaafu, inaisha mwezi huu. Mama anapaswa kuamua kama aendelee kulipia ile nyongeza uliyoichukua, ya kulazwa na kupasuliwa, ama abaki na matibabu ya kawaida tu. Anachopata sasa ni kipande cha pensheni yako, tena kinachelewa. Kaka Ramazani hataki hata kusikia. "Bon, Mama iko muzima, hata mafua hapati. Ile nyongeza ni kutupa feza mu mayi ya muto." Mama anazidi kutwanga majani ya pondu kinuni. Mimi, unanijua, nilipandisha hasira.

Ndipo nikakumbuka ulivyofanya wewe. Maisha yako yote ulitengeneza injini za mashua bandarini, na hakuna injini uliyoisifu ikinguruma nchi kavu. "Mupakie mizigo, tupande nayo muto, kisha mutaniuliza." Yule bwana wa mutuelle alipokuja na tai yake na maneno matamu, wastaafu wenzako walipiga makofi. Wewe ulirudi nyumbani. Kesho yake ulivaa kofia yako nyeupe, ukapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka hospitali ya Makiso, ukakaa na wagonjwa asubuhi nzima, ukitazama wenye kadi wanavyopokelewa. Nesi akakujia: "Papa, unaumwa nini?" Nawe: "Siumwi kitu, mama. Niko naangalia." Mtaa mzima ulicheka. Mzee anakwenda kutembelea hospitali kama sinema!

Basi nami nikakaa. Nitakuambia ukweli, kwa sababu ungeutaka. Dawa nyingi hazipo, na wenye kadi wanatumwa kuzinunua nje kama watu wengine. Hapo Ramazani hakukosea. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Barumbu, amemleta kwa mashua mume wake mwenye ngiri. Kadi ilimpeleka moja kwa moja kwenye upasuaji, hakuna aliyemwomba rehani. Kando yake alikaa mzee ambaye amekwisha kupona, ila hawamruhusu kutoka mpaka deni liishe. Watoto wake wanazunguka mji kwa ndugu, na yeye anaona haya hata kuomba maji.

Nilimsimulia Mama yote, na ya dawa pia. Ramazani alikuwepo. Mama akaweka mchi chini.

"Papa yenu alikufa alfajiri," akasema. "Kabla ya alasiri alikuwa mu udongo. Hakuna mutu alimufungia mulango."

Kila mmoja alimkumbuka jirani yetu Mzee Athumani, aliyebaki maiti hospitalini siku mbili kwa sababu ya deni, nawe ukipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango, machozi yanakutoka, ukisema marehemu hapaswi kungojeshwa. Wiki ileile ukaenda kukaa kwenye benchi. Papa! Sisi tulidhani unaangalia wanavyoingia. Kumbe uliangalia wanavyotoka.

Na ulipougua, hakuna mtoto wako aliyetumwa mjini kuomba. Tulikaa kitandani kwako, tukakushika mikono. Hilo ulitutengenezea ukiwa bado na nguvu zako, na hukujisifu hata kidogo. Nimewaona watu wenye vyeo, sijaona aliyepanga mambo kama wewe.

Mama anaendelea na nyongeza. Ramazani mwenyewe ndiye atakayempeleka kulipa, na bado ananuna, ndivyo alivyo.

Kitu kimoja sijakuambia. Jana nesi alinijia pia: "Mama, unaumwa nini?" Jibu lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Halikutoka. Nililia mbele za watu mpaka akanipa kiti chake mwenyewe.

Pumzika, fundi wangu, Mungu akunurishie kaburi. Kila mwaka, kabla Mama hajalipa, nitakwenda kukaa pale na kuuliza kama ulivyouliza. Na siku moja wakiniuliza naumwa nini, nitaweza kusema siumwi kitu.

Binti yako,
Zaina