Harusi ya Magitaa Bubu

Moroni, Ijumaa, 1978

Eti viatu vilimkatikia kwa kucheza! Muuza samaki wa soko la Volo Volo leo kaniapia kwamba bendi ile ya mabingwa wa Moroni na Mutsamudu, iliporudiana kwenye harusi moja Itsandra, spika zilitikisa mji mzima. Tangu serikali ianguke, kila mtu anadai alikuwepo.

Mwongo mkubwa. Chini ya serikali ile harusi za fahari zilikuwa marufuku, na vijana wa kamati zake walikuwa wakizunguka nje kuwasaka wanaokaidi. Magitaa ya umeme hayakuchomekwa, mpiga dramu alipiga mto wa kitanda, nasi tulishangilia kwa kutikisa vichwa.

"Ungekuwepo, dada, ungelia," akaniambia.

Nilikuwepo. Bibi harusi nilikuwa mimi, nimekaa mbele yao kabisa, na mpaka leo sijui walipiga wimbo gani.