Ukuta Utakaobaki

Shangazi mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba uhame kabla ya Jumamosi, siku ya bomoabomoa, kwa kuwa picha haitaiokoa nyumba yako.

Shikamoo, na pole kwa mafua. Wasanii wageni ninaowatafsiria wanakusalimu. Yule mrefu, uliyembandika jina la Mlingoti, bado anasimulia ulivyomkaripia alipokuwa akichora uso wako ukutani mwa nyumba yako: "Wee, mbona umenizeesha? Makunyanzi hayo mpelekee mama yako!" Onyesho lao kuhusu mji wetu unaobadilika limesifiwa mno, na picha yako ndiyo iliyotia fora.

Ulisema hakuna atakayethubutu kuvunja ukuta wenye sura yako. Nami, pamoja na shahada yangu, niliamini vivyo hivyo. Jana mwenye mradi wa kubomoa mtaa wenu ajenge ghorofa alituita ofisini, mimi na Mlingoti, akatukaribisha soda.

"Mwambie shangazi yako asihofu," akasema. "Ukuta ule tutaukata mzima mzima, tuusimamishe ukumbini mwa jengo jipya."

"Na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba ipi tena?" Akacheka.

Nilimgeukia Mlingoti nimtafsirie, lakini aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kukubali.

Najua umeapa kutowafungulia mlango watu wa mashine. Basi nifungulie mimi, Shangazi. Sitakuja na maneno, kwani yameniishia. Nitakuja na gari la kubebea vyombo, Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mtoto wa kaka yako,
Msomi