Mama Mkwe Anamtafutia Mke Wangu Mume, na Mume Ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijanyang'anywa mke na mwanamume ambaye ni mimi mwenyewe. Usicheke, nina akili timamu. Kazi yangu ni kujenga mji wa mtandaoni, mtu anavaa miwani maalumu akiwa kwake anajikuta barabarani na wenzake walioko mbali, wanatembeleana, wanapiga soga, na ugumu wa kazi yetu ni kwamba mmoja akifungua mlango, wote lazima wauone umefunguka papo hapo, la sivyo mtu anapita na mwenzake anamwona amepenya ukuta, basi mlango mmoja tu unaweza kunilaza na viatu. Sasa mama mkwe alikuja kukaa nasi baada ya kupasuliwa goti, nikampa miwani yangu ya zamani asizidiwe na upweke, akaingia mjini, akajichagulia umbo la paka mwenye koti, na hajui kwamba Fundi wa mji, anayewajibu wakazi kwa maandishi, ni mimi niliye chumba cha pili, ingawa mimi namjua fika, maana sauti yake naisikia mara mbili, kwenye miwani na ukutani. Mshauri, tumekuwa marafiki! Kibaraza cha nyumba yake ya huko mjini kikizama ardhini nakiinua, nampa pole ya goti, ananiita mwanangu, ilhali sebuleni ananitazama kwa jicho la pembeni.

Juzi paka akaniuliza kama nina mke. Nikababaika, nikaandika, "Kwa nini, Mama?"

"Nina binti yangu," akasema, "mtoto ana adabu, ila ameangukia kwa gogo. Mume anashinda kajifungia, ukimsemesha anaguna. Mlango wa jikoni umekwama tangu nije, binti wa watu anazunguka nje na sufuria ya moto. Nimemwambia afungashe, goti likipona turudi kwetu. Na goti limepona. Wewe ndiye ungemfaa, mwanangu."

Kweli, sanduku la mke wangu liko wazi kitandani. Nampenda, mshauri. Nijitambulishe, au Fundi aikatae hiyo posa kimya kimya?

Ni mimi, Gogo

*

Ndugu Gogo, uliniambia nisicheke, nimeshindwa. Pole.

Sasa nisikilize. Mlango usio na ubao wala bawaba unaukeshea na viatu miguuni, na huu wa jikoni mkeo auzunguke na sufuria ya moto? Aibu, baba! Mama mkwe wako hajakosea hata kidogo. Mwanamume anayeuliza hali ya goti anafaa kuoa. Kosa la mama ni kudhani anaishi mbali. Hiyo pole, umewahi kumpa kwa mdomo wako, pale sebuleni?

Unajisifu kwamba kazi yako ni watu wote waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwako mko watatu tu. Mama anaona gogo, mkeo anaona mgongo, na wewe unajiona mchapakazi. Hata mafundi wanafunzi wangekucheka.

Vua hiyo miwani. Anza na mkeo, maana anaozwa upya na hana habari. Mweleze yote, hata la paka, umwombe radhi kabla hajafunga zipu. Kisha nenda kwa mama, mwambie Fundi ni wewe. Atafoka, na ana haki, umesikiliza ya moyoni mwake ukiwa umejificha. Mwache afoke, na tafadhali usigune. Wala usiende mikono mitupu: nenda na bisibisi na randa, umwombe akuonyeshe ule mlango unakwama wapi. Wakwe huwa wanajua.

Ila harakisha, ndugu yangu. Ukichelewa, mlango utakaofunguka kwanza ni ule wa mbele, na huo mtauona wote watatu papo hapo.