Pikipiki Haiuzwi

Mjukuu wangu Upendo,

Huku Marangu hatujambo, babu yako anakusalimu. Unauliza kama uache kazi ya gereji kwa sababu wanakucheka, msichana kushika spana?

Nilipokuwa bibi harusi, pikipiki ya babu yako, ile ya silinda mbili zilizokaa kama V, ilikataa kuwaka. Mama mkwe akasema, "Iuzwe! Na wewe mwali, shika mundu ukakate majani ya ng'ombe, si spana."

"Majani utapata, mama," nikamjibu. "Pikipiki haiuzwi."

Nikamsomea mpenzi wangu, babu yako, kitabu cha ufundi. Kumbe mwanzoni tulikuwa tumepima nafasi za vali zote, vile vilango vya kupitisha hewa na moshi, injini ikiwa mkao mmoja, na kila silinda ina zamu yake! Tukaizungusha injini, tukarekebisha vali za silinda ya nyuma. Ikanguruma.

Niliendesha mimi hadi tambarare kukata majani. Tulirudi babu yako akiwa nyuma, amekumbatia mzigo wa majani. Ng'ombe hawakuuliza nani aliendesha.

Bibi yako, anayependwa mpaka leo