Nilivyokubali Mionzi Mipya

Mpendwa mdogo wangu Hosiana,

Ugonile? Huku Ngana mvua imetulowanishia kakao tuliyoanika, lakini mpunga umestawi. Shemeji yako siku hizi anapika mwenyewe, na hakuna aliyekufa.

Umeuliza kama ni kweli nimekubali kufanyiwa majaribio. Ni kweli. Kule hospitalini walitaka kujua kama mionzi mikali ya siku chache inatibu kansa ya mlango wa kizazi sawa na ile ya zamani ya wiki nyingi. Jirani yangu wa kitanda, Raudha, muuza vitenge wa Kasumulu, alishakubali kama mimi, lakini nikamkuta analia.

"Dada, ningekataa wangenirudisha nyumbani nife."

Nikamwita daktari. "Mtu akikataa, mtamtibu?"

"Tutamtibu kwa ile ya zamani, bila kinyongo."

"Na akishakubali, akabadili mawazo?"

"Anajitoa siku yoyote. Nilipaswa kuwaeleza vizuri zaidi. Samahani, mama."

Raudha akajitoa pale pale, akafuta machozi, akaomba chai. Daktari akanigeukia kwa wasiwasi. "Na wewe, mama, unajitoa?"

"Mimi sasa ndipo naingia kwa moyo wangu," nikamwambia.

Ngozi imeungua kidogo, na majibu bado hayajatoka. Mama usimwambie. Raudha anaendelea na matibabu yake. Jana alinipigia simu kuniuzia kitenge. Njoo tukivuna, ule wali mpya mpaka uchoke.

Ndaga fijo kwa maombi yako.

Dada yako anayecheka bado,
Tulinagwe