Ubao Ambao Sikuugeuza

Fundi,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe kwa niaba yako, kwani hata ulipokuwa hai ulikuwa ukiniitikia kwa kichwa tu, mdomo umejaa misumari. Leo ni siku ya tano tangu Idd Kubwa, na nimefunga karakana mapema ili nikuandikie. Natumia penseli yako ile nene na karatasi ya kaki tuliyokuwa tukichorea nakshi za milango, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya, laumu vifaa.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ndizo utakazotaka kwanza. Bi Zuhura ametoka eda, mzima, na sauti yake imerudi ilivyokuwa; watu wa mtaa wa pili ni mashahidi. Mjukuu wako Nuru ametimiza miaka minane na meno mawili ya mbele yameng'oka. Paka wako wa karakana alihamia kwa fundi viatu wiki ileile tuliyokuzika, bila hata kuaga. Mimi nipo. Nina mlango mmoja mezani na nimeshaugeuza mara nne, usiwe na wasiwasi.

Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni pembea. Fundi, ile pembea.

Ulijitakia mwenyewe. Ulikuwa umekaa barazani na blanketi begani, jua la saa sita, Nuru akakujia analalamika kuwa Idd ikifika watoto wote huenda uwanjani Makadara kupanda pembea, na yeye kila mwaka foleni humwishia usoni. Ukamwambia asijali. Ukamwambia utamtengenezea yake mwenyewe, ya mbao ya mvule, itundikwe kwenye mti wa mkungu wa uani, na itakuwa na nakshi kama mlango wa nyumba hii. "Idd," ukasema, na ukampa mkono kama mtu anayefunga mkataba wa biashara. Rajabu ilipoandama ukatutoka.

Idd ya mfungo ikapita nyumba iko kimya. Mama yake Nuru alimbembeleza ampeleke Makadara, mtoto akakataa katakata. Alisema yeye ana pembea yake, haijafika tu. Akaelezwa taratibu kwamba babu amefariki. Akajibu kwamba hilo analijua, alikuwepo, lakini babu alisema Idd na hakusema Idd ipi. Basi wote wakageuka kunitazama mimi.

Nikaenda kutafuta. Nyuma ya mlango wa karakana nikakuta kifurushi cha gunia, juu yake umeandika kwa chaki: Pembea ya Nuru. Ndani mlikuwa na ubao umeshakatwa, umeshapigwa randa, na matundu manne ya kamba umeshayatoboa. Kilichobaki ni nakshi. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia kidogo, halafu vumbi la gunia likanipigisha chafya saba mfululizo, na kilio kikakatika hapo. Nikaubana ubao mezani nikaanza kazi.

Sasa hapa, Fundi, ndipo ninapotakiwa kukiri.

Miaka ishirini na mbili nimekaa chini yako, na kila asubuhi neno la kwanza kwangu halikuwa sabalkheri. Lilikuwa "Umegeuza?" Usiguse patasi kabla hujaugeuza ubao ukauona mgongo. Mwaka wangu wa kwanza nilichonga mwimo wa mlango kwa wiki tatu, nikakuletea nikiwa nimevimba kichwa, ukaupindua kwa kidole kimoja: mgongoni mchwa walikuwa wameshajenga mji na soko. Hukunigombeza. Uliniuliza tu lile neno lako ukaenda zako kunywa kahawa. Tangu hapo nimekuona ukigeuza kila kitu. Uligeuza sahani kwenye kile kimkahawa cha Makadara kuangalia kama imeoshwa, wakati ina mchuzi. Uligeuza cheti cha daktari ukatafuta kama nyuma kuna habari nzuri zaidi. Siku mbili kabla hujafa ulimuuliza muuguzi kama godoro la hospitali limewahi kugeuzwa, na maskini yule akaenda kuwaita wenzake wamsaidie kuligeuza.

Hata siku ya maziko. Mimi ndiye niliyezipiga randa zile mbao za kukufunikia, na nilipokuwa nazipitisha kwa waliomo kaburini, nikazigeuza moja moja. Jua kali, watu wamesimama, shemeji yako akaninong'oneza nifanye haraka. Sikufanya haraka. Nilizigeuza zote, Fundi, na zote zilikuwa safi.

Ubao wa pembea sikuugeuza.

Nilijiambia kwamba umetoka mkononi mwako, kwa hiyo umeshageuzwa. Ndiyo sababu yangu, na hata nikiiandika hapa naona jinsi ilivyo nyembamba. Nilitandika lile gunia chini yake usikwaruzike, nikaukaza, na haukubanduka mezani kwa siku kumi na mbili.

Kwanza penseli ikashika njia yake ya kila siku. Kila mlango tuliowahi kuutoa ulikuwa na Bismillahi juu, wewe ukiichora na mimi, Mkristo wa Kaloleni, nikiichonga, hadi mchungaji wangu akawa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Basi nami nikaichora katikati ya ubao, nzuri, imekaa sawasawa, na nilikuwa nimeshainua patasi Bi Zuhura alipoingia na chai. Akasimama.

"Kazungu, waandikani hapo? Jina la Mungu, kisha mtu alikalie?"

Nilifuta mpaka ubao ukapata joto. Alikaa mlangoni akinisimamia hadi herufi ya mwisho ilipotoka, na chai akaondoka nayo.

Baada ya hapo nikachonga nilichokijua. Mnyororo pembezoni, mawaridi katikati, yale yenye petali nene ulizonifunza kuzichimba mpaka kidole kizame. Kwenye pembe nikapigilia misumari minne ya shaba, ya vichwa vya duara, iliyobaki kwenye mlango wa mwisho tuliofanya pamoja. Nakwambia kweli, sijawahi kuchonga kazi safi kama ile. Nilipomaliza nilipuliza vumbi, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa kunisifu. Hapakuwa na mtu. Hapo nilikukosa sana.

Kamba nilizifuata Liwatoni kwa jamaa mmoja anayetengeneza maboti. Akanipa kamba nene, imara, inayoweza kuvuta lori, ila ilikuwa imefanya kazi ya samaki maisha yake yote. Niliifua kwa sabuni mara tatu, nikaisugua kwa ndimu. Bi Zuhura akaizungushia vipande vya leso zake za zamani toka juu mpaka chini, nyekundu na njano, na asubuhi ya Idd Kubwa akaongeza vikuba vya asumini. Ilipendeza. Ilinuka kama bi harusi aliyetoka kukaanga vibua. Paka wote wa Mji wa Kale wakaja uani wakakaa mstari mmoja chini ya mkungu, na yule msaliti wako wa karakana mbele yao, utadhani ndiye aliyewaalika.

Niliifunga pembea alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, kwa kupapasa. Watu walipotoka kuswali, ua ulikuwa umejaa. Nuru alikuwa amealika watoto wa mtaa mzima waje waone pembea ya babu yake. Kanzu na magauni mapya, mikono ina hina, kila mmoja ameambiwa kwamba Makadara hakuna kitu cha namna hii.

Bi Zuhura akasema mtoto hapandi mpaka yeye ajaribu kwanza. "Nikianguka mimi n'na nyama," akasema. Akakaa. Kamba zikalia, tawi likainama kidogo, likatulia. Nikamsukuma kwa adabu, kama mtu anayesukuma kabati la kuazima. Akaenda, akarudi, uso umekaza, midomo imefumba. Nilidhani ni furaha anaificha. Aliposhuka, dera likabaki limeng'ang'ania msumari wa shaba, na mshono ukatoa sauti ambayo paka wote waliisikia. Akapeleka mkono nyuma, akajipapasa polepole, akanitazama.

"Kazungu," akasema, "umenipiga muhuri."

Watoto wakaangua kicheko, na watu wazima wakapata kikohozi ghafla. Hata mimi nilicheka. Nilijiambia ni uzito wake tu, mtoto mwepesi hataona kitu.

Nuru akapanda. Msukumo wa kwanza, wa pili. Wa tatu akaburuta miguu chini. Akateremka taratibu, akanyoosha gauni lake, akanisogelea ili wenzake wasisikie.

"Mjomba Kazungu, ni nzuri sana," akasema, "lakini yaniuma."

Kisha akaniuliza kama kuwahi Makadara bado kunawezekana.

Fundi, nilitamani mkungu ule uniangukie. Mtoto amekungoja Idd mbili. Amekataa kila pembea ya mji huu kwa sababu ulimpa mkono, na mimi, mtu mzima na patasi zangu, nimemtengenezea mlango wa kukalia. Miaka yote nimejenga vitu vya kutazamwa na kufunguliwa. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba hiki kingeguswa na mtu, tena mahali pale. Nikageuka kwenda kuchukua randa. Nilikuwa nimeshaamua kuyafyeka mawaridi yote, siku kumi na mbili zote, palepale mbele ya watu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha.

Ndipo Bi Zuhura, mkono bado uko nyuma, akaniuliza. Hakupaza sauti.

"Kazungu, uligeuza?"

Nikasimama. Hakuna mtu wa nyumba ile asiyelijua swali hilo. Nikarudi, nikaushika ubao kwa mikono miwili, nikaupindua.

Mgongo wake ulikuwa laini kama kiganja. Hukuupiga randa tu, ulikuwa umeupiga msasa mpaka ukang'aa, na kingo umezivunja ziwe za duara, zisikate mtoto mapajani. Na katikati palikuwa na maandishi ya penseli nene. Macho yangu unayajua, tena yalikuwa na machozi. Nuru akaja akasoma, neno moja moja, hewa ikimtoka kwenye pengo:

"Hapa pa kukalia. Nakshi chini, Zuhura aione akikaa ngazini. Kazungu, umegeuza?"

Mbele yetu hukuwahi kumtaja kwa jina. Alikuwa "mwenye nyumba" tu, miaka yote. Bi Zuhura akajivutia mtandio usoni, mabega yakatikisika, na hatukujua kama analia au anacheka mpaka aliposema.

"Mtu huyu, hata mauti hayakumnyamazisha."

Alikuwa anafanya yote mawili. Nami pia.

Kumbe ulijua. Ulipoandika pale ulikuwa bado unatembea na fimbo kuja karakana, unatuambia ni kifua tu, kitapita. Ulijua hutaichonga wewe, ulijua nitaichonga mimi, na ulijua ni upande gani nitakosea kuuweka juu. Nilikasirika kidogo, nikuambie ukweli. Ungeweza kusema kwa mdomo. Lakini pengine uliogopa nami ningekuuliza swali ambalo hukutaka kulijibu.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Nakshi nilikuwa nimeichonga upande uleule ulioutaka. Kosa langu lilikuwa kuutundika ubao kichwa chini. Nikafungua mafundo, nikaugeuza, nikafunga tena. Nilitaka kupitisha msasa kwenye maandishi yasichafue gauni la Nuru. Bi Zuhura akanishika mkono nisiyaguse.

"Wata hivyo hivyo."

Nimeyapaka vanishi siku ya pili, mara tatu. Hayafutiki sasa.

Basi Nuru akapanda, na safari hii hakuburuta miguu. Nilimsukuma mpaka bega likaniuma. Kila alipopanda juu alipiga kelele, asumini zikapukutika, paka wakainua vichwa vyote pamoja. Bi Zuhura akaenda akakaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, pale anapokaa kwa ajili ya magoti yake, akatazama juu. Ubao ulipoinuka mawaridi yakamfungukia usoni, yakaenda, yakarudi. Ndiyo yale yaliyoko kwenye mlango wa nyumba, uliouchonga mwaka uliomuoa. Mimi nilikuwa nayaiga tu kwa mazoea. Hakusema neno hadi adhana ya alasiri, na kwa Bi Zuhura hiyo ni habari ya kutangazwa msikitini.

Makadara hakuenda mtu. Foleni ilikuwa uani kwetu, na Nuru ndiye aliyeisimamia, kwa ukali wako uleule.

Nimefikiria jambo moja tangu siku hiyo. Nakshi ile inatazama chini. Bi Zuhura anaiona akiwa ngazini, na wewe, ambaye sasa uko chini kuliko sisi wote, nadhani unaiona vizuri zaidi. Kama ndivyo, petali ya tatu kushoto nimeikata fupi. Nimeshaiona, usiniambie.

Karatasi inakwisha. Kila Idd nitabadilisha kamba, na nitatafuta ambayo haijawahi kukutana na samaki. Nuru akikua akaiacha, nitaitunza mpaka apate wa kumpandisha. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku la patasi zako, chini ya ile pana, mahali ambapo mimi tu hutia mkono. Lala salama, Fundi wangu. Sitakuahidi kwamba sitakosea tena, maana tunajuana. Nakuahidi lile moja tu.

Na hii karatasi, kabla sijaandika neno la kwanza, nimeigeuza.

Kazungu