Kadi Mbili, Simba Mmoja

Mpendwa Shangazi Tumpe,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana walionicheka wametosha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, napika na kuuza chakula Ipogolo, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari, na shida yangu ni mbwa, ndiyo, mbwa, najua wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na viwanja na mimi nakuletea mbwa, lakini nisome mpaka mwisho.

Nilikuwa na mbwa anaitwa Simba, dume, wa kahawia, mwenye doa jeupe kifuani, nilimpata akiwa kitoto cha kubebwa kiganjani nikamlea jikoni kwangu katikati ya masufuria, hata mafuta ya maandazi yalipomrukia kwapani mwa mguu wa mbele ni mimi niliyempaka asali wiki mbili nzima huku nikimfukuzia nzi, na binti yangu Gloria alijifunza kutembea akiwa ameshika shingo ya mbwa yule. Novemba mwaka jana akatoweka. Watu wakasema amepanda lori, kwa sababu alikuwa na tabia ya kurukia magari yaliyobeba dagaa, tukamtafuta mpaka tukachoka, na Gloria akawa anamwachia ugali mlangoni kila jioni, kuku wa jirani wakawa wanene.

Mwezi wa saba kaka yangu Dastan, dereva wa lori, akanipigia simu kutoka Mbeya. "Dada, Simba wako nimemwona Uyole, amelala kwenye kibanda cha bibi mmoja muuza ndizi. Doa lile lile la kifuani." Kesho yake nikapanda lori lake na kadi ya chanjo ya mbwa kwenye pochi, baridi ya Uyole ikanipokea kama mkwe asiyekupenda, na kweli nikamkuta, Shangazi, kahawia, doa jeupe, nikapiga magoti palepale barabarani nikalia. Vijana wa bodaboda wakaangua kicheko, na unajua watu wanavyotutania sisi Wahehe kwamba mbwa kwetu ni kitoweo, wakasema, "Mhehe kasafiri kufuata mbwa! Mama, pilau ni lini?" Aliyewanyamazisha ni yule bibi mwenyewe, Bibi Atuganile. Akawaambia, "Nyamazeni ninyi! Hamwoni anamlilia?"

Lakini bibi akasema mbwa ni wake, aliletewa na mwanawe Ipyana akiwa mdogo, akaingia ndani akatoka na kadi yake ya chanjo, na kadi yake imeandikwa Simba, dume, kahawia, sawasawa na yangu, tarehe imelowa haisomeki. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sedekia, akaziweka kadi zote mbili mezani akavua miwani akasema, "Kadi mbili, Simba mmoja. Basi hapa kuna Simba wa karatasi." Bibi akaeleza kwamba kwake mbwa haitwi Simba, anaitwa Watasema, kwa ajili ya majirani, ila siku ya chanjo kijana aliyekuwa anaandika alilisikia jina akacheka, akamwandikia Simba kama alivyowaandikia wote kwenye foleni. Mwenyekiti akasema muiteni tuone. Bibi akaita Watasema, mbwa akatikisa mkia akaanza kumwendea, halafu mimi nikaita Simba, na hapa ndipo ninapokuungamia, Shangazi, nilikuwa nimefinya kiganjani kipande cha nyama nilichotoka nacho jikoni kwangu. Mbwa akageuka akaja kwangu. Mwenyekiti akasema, "Mwenye mbwa ameonekana."

Bibi hakubisha. Alikwenda kwenye kibanda akarudi na blanketi la kijivu, kuukuu, limeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, akanipa akasema, "Mwanangu, usiku huwa namfunika. Asipofunikwa halali."

Sasa ni wiki ya sita yuko kwangu na sina raha, maana Simba wangu radi ikipiga alikuwa anajificha chini ya meza na huyu anaitazama tu, Simba alikuwa hali ndizi na huyu anakula hadi ganda, lakini jikoni aliingia moja kwa moja kama anayerudi kwake, na Gloria amekwisha kumkumbatia, siku moja kwa mzaha akaita "Watasema!" na mbwa akaruka kama ameitwa na mamaye. Mume wangu Edmund ni fundi wa kuchomelea, hataki kusikia hadithi hizi, anasema, "Kwetu Kilolo mbwa anakatwa ncha ya sikio, basi, anajulikana," na kwa kuwa nimekataa sikio ametengeneza chapa ya chuma yenye herufi za jina lake, E.K., anasema Jumamosi ijayo ataipasha moto ampige chapa pajani kama ng'ombe ili asipotee tena. Nikakimbilia kwa daktari wa mifugo, akanionyesha kidude kidogo kama punje ya mchele, akasema kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi na kina namba ambayo haifutiki mpaka mbwa afe, akachukua fomu akauliza, "Jina la mwenye mbwa?" Na mimi niliyepaza sauti mbele ya mwenyekiti, Shangazi, jina langu mwenyewe likanikwama kooni, nikasema nimesahau simu nyumbani, nikaondoka na mbwa wangu, au mbwa wa bibi, sijui.

Niambie nifanye nini, niweke chuma, sikio au sindano, na Jumamosi inakuja.

Lea, Ipogolo

JIBU

Kamwene, Mama Gloria.

Kucheka nimecheka, sitakudanganya, hasa kwa kuku wa jirani. Niliacha nilipofika kwenye blanketi. Na atakayesema ukurasa huu umeshuka hadhi kwa kujibu barua ya mbwa, afunue ukurasa wa matangazo ya waganga akasome huko. Mbwa analinda nyumba zetu, anacheza na watoto wetu, anakula makombo yetu bila kulalamika, halafu akipotea tunasema "ni mbwa tu." Nimechoka na neno hilo, "tu." Nchi hii imelitumia kwa wake, kwa yaya, kwa wapagazi wa sokoni, na sikumbuki hata siku moja lilipoleta heri.

Tuanze na chuma, kwa sababu Jumamosi iko karibu. Mwambie Edmund hivi, na umsomee kwa sauti: Shemeji, heshima yako. Chapa ya moto ni kidonda. Kidonda kinaoza, kinaleta funza, nywele zikiota vibaya herufi hazisomeki, na mbwa aliyechomwa na mwenye nyumba hujifunza kumwogopa mwenye nyumba. Unataka asipotee, halafu unampa sababu ya kukimbia? Tena E.K. ni nani huko Mbeya? Uyole peke yake nina binamu watatu wenye herufi hizo, na mmoja wao si mtu wa kumkabidhi mbwa. Chuma hicho kitie kwenye geti, kitapendeza.

Sikio nalo mliache. Najua ni desturi ya wazee wa milimani, na wazee hawakuwa wajinga: katika kijiji chenye nyumba ishirini, sikio lililokatwa lilitosha, kwa kuwa kila mtu alijua nani anakata la kushoto na nani la kulia. Wewe unaishi kando ya barabara kuu inayokwenda mpaka Zambia. Huko mbele, sikio lililokatwa linasema jambo moja tu, kwamba huyu mbwa aliwahi kuumizwa. Jina la mtu halisemi, wala namba ya simu.

Kuna pia namba ya kuchanja kwa wino, ndani ya sikio au pajani. Hiyo ina akili zaidi, ila mbwa lazima alazwe kwa dawa na daktari, wino hufifia kadiri miaka inavyopita, na atakayeiona lazima ajue aipeleke wapi. Simkatazi mtu, lakini si ya kwanza kwangu.

Ya kwanza kwangu ni ile punje ya mchele, ambayo wenye mbwa wengi huiita chipu. Inaingizwa kati ya mabega, maumivu yake ni ya sindano ya chanjo. Haina betri na haichakai. Lakini usiamini maneno ya vijiweni: haikuonyeshi kwenye simu mbwa alipo. Inakaa kimya mpaka mtu mwenye mashine ya kuisoma aipitishe mgongoni, na mashine hizo huku kwetu si nyingi. Kwa hiyo muulize daktari wako mambo mawili kabla hajafungua sindano: mashine ya kusoma anayo mwenyewe? Na hiyo namba inaandikwa wapi, kwa simu ipi? Chipu isiyoandikishwa ni punje ya mchele kweli, tena ya bei. Ukibadilisha laini ya simu, rudi ukabadilishe na kwake. Na ukanda wa shingoni wenye namba yako usiuvue, maana muuza ndizi hana mashine, ila ana macho.

Kadi ya chanjo, Mama Gloria, itunze, lakini ujue ilivyo. Inasema mbwa fulani amechanjwa kichaa cha mbwa. Kusema ni mbwa gani haiwezi. Vijana wa chanjo wana foleni ndefu na jua kali, wanaandika Simba, kahawia, Simba, kahawia, mpaka kalamu iishe. Lawama yangu si kwao. Ni kwetu, tunaosimama kwenye foleni ile na kukubali. Ungesema, "Andika doa jeupe kifuani, andika kovu la mafuta kwapani," angeandika. Bibi Atuganile angesema, "Kijana, usicheke, andika Watasema," angeandika. Wote wawili mlinyamaza, na mwenyekiti akabaki na karatasi mbili za mbwa yeyote.

Sasa nakuja kwako. Ulidanganya, na unajua. Ulipika ushahidi kama unavyopika mchuzi. Mzee Sedekia naye, kwa heshima zake zote, alitakiwa ajue kwamba mbwa anayefuata nyama hajamtaja mwenye nyumba. Ningesimama mimi pale na kipande kile, mbwa wa mkuu wa mkoa angenifuata.

Lakini sikugombezi kwa ajili ya nyama. Mtu aliyelia magotini barabarani hana akili timamu, na mapenzi yamewafanya watu wazima wafanye mabaya zaidi ya hayo. Nakugombeza kwa jambo jingine. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia radi, umeniandikia ndizi na maganda yake, umeniandikia jinsi alivyoingia jikoni. Haya yote hayathibitishi kitu. Mbwa aliyekaa miezi minane na bibi mpole anaweza kuzoea radi, anaweza kujifunza ndizi, na mbwa yeyote mwenye pua ataingia jikoni kwako bila kuonyeshwa njia. Lakini mwanzoni kabisa umeandika pia habari ya mafuta ya moto na asali ya wiki mbili, halafu hukuitaja tena.

Kovu la kuungua halipotei, dada. Nywele zinaweza kulifunika, ila ukipeleka vidole utakuta ngozi laini, imekazana, haina nywele. Hiyo ndiyo alama ya kudumu, na uliiweka wewe mwenyewe kwa bahati mbaya, miaka kabla daktari hajakuonyesha punje yake. Wiki sita mbwa yuko nyumbani kwako. Umemlisha, umemfunika, umemwogesha bila shaka. Kwapani hujagusa. Usiniambie hukukumbuka, kwa sababu mimi umenikumbusha.

Hukugusa kwa kuwa unaogopa vidole vyako vitakuambia nini. Na ndiyo maana jina lako lilikukwama kooni kwa daktari, nalo lilifanya vema kukwama. Chipu haina dhamiri. Ukiipa ukweli itautunza, ukiipa uongo itautunza vilevile, miaka kumi na mitano, chini ya ngozi ya kiumbe anayekupenda.

Basi fanya hivi. Ukikuta kovu, huyo ni Simba, na kesho asubuhi uwe kwa daktari useme jina lako kwa sauti ile ile uliyoipaza mbele ya mwenyekiti. Namba ya pili ya simu kwenye fomu iwe ya Bibi Atuganile. Sijali anauza ndizi umbali gani. Kama ni Simba, basi bibi alimchanganya na wa kwake aliyepotea, kwa sababu watu wa rika lake huona rangi kabla ya kuona sura, na huenda huko nje kuna Watasema wa kweli, kapotea, na hakuna anayemtafuta. Msaidie kumtafuta. Dastan ana lori na ana macho makali.

Usipokuta kovu, mpande lori, wewe na Gloria na mbwa, Alhamisi hii, kabla ya Jumamosi ya Edmund. Gloria umweleze ukweli njiani, watoto wanabeba mzigo mkubwa kuliko tunavyowapimia. Ukifika, mwite mwenyekiti, ueleze habari ya nyama mbele ya wale vijana wa bodaboda, waache wacheke, wana haki safari hii. Kisha umlipie bibi chipu, iandikwe kwa jina lake, mbwa aandikwe Watasema, na namba ya pili iwe yako. Bibi aliyekupa blanketi ukiwa unamwibia hatakunyima kuja kumsalimia mbwa wake.

Kwa vyovyote vile, blanketi lifue.

Na sasa weka gazeti chini. Nawa mikono kwa sabuni mpaka harufu ya jikoni iishe kabisa, maana nyama imeshasema vya kutosha katika kesi hii. Mwite, kwa jina lolote atakaloitika. Akilala ubavu, nyanyua mguu wa mbele taratibu, upapase.